Chumba cha Saba, Mpo Wote?

"Mtalala chumba kimoja siku kumi, wewe na wifi yako. Haya niambie, nani atarudi hai?"

Jirani aliuliza hivyo kwa utani, amesimama mlangoni na ndoo ya maji, siku Bi Cherehani alipokuwa anafunga sanduku la safari. Wakacheka mpaka nusu ya maji ikamwagika. Nani asingecheka? Mtaa mzima ulijua kwamba mawifi hawa wamegombana miaka arobaini. Wamegombania chumvi ya kwenye mboga. Wamegombania pazia. Mwaka mmoja waligombania futi ya kupimia nguo, Bi Cherehani akiapa kwamba Wifi ameiba, wakanuniana miezi miwili mizima.

Leo ni siku ya kumi, siku ya mwisho ya matembezi ya wazee katika nchi ya watu. Swali la jirani limemrudia ndani ya basi, na hakuna anayecheka.

Mlikunja gazeti lenu Jumamosi iliyopita Bi Cherehani akiwa kwenye kiti cha tatu nyuma ya dereva, mkono umezama ndani ya mkoba wa bluu, anatafuta kitabu chake cha sala. Hakukiona. Vidole vyake viligusa kitu laini kilichofungwa kwa karatasi ya mezani.

Akakitoa. Akakifungua.

Mkate, na mayai mawili ya kuchemsha.

Mkate ule aliufunga yeye mwenyewe asubuhi hii, kwa ajili ya Wifi. Na Wifi hakuwemo ndani ya basi.

Asiyejua mwanzo wake ajue hapa. Kampuni ya safari iligawa mikoba ya bluu, yote sawa, kamba nyeupe, zipu moja. Bi Cherehani, ambaye ni fundi wa nguo tangu usichana wake, alichukua sindano na uzi akamtilia kila msafiri alama yake, huyu njano, yule kijani. Mikoba ya vyumba vyote kumi na kimoja ikapata alama isipokuwa miwili. Ya kwake na ya Wifi. Kwa nini? Kwa sababu wote wawili walitaka uzi mwekundu, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Basi leo asubuhi kila mmoja amebeba mkoba wa mwenzake.

Na Wifi ana ugonjwa wa sukari.

Saa moja asubuhi alijichoma sindano yake tumboni kama kawaida, kabla ya chai. Halafu akatazama saa ya ukutani, akasukuma kikombe pembeni, akainama sikioni mwa Bi Cherehani.

"Nijibie leo."

"Nikujibie nini?"

"Msimamizi akiita chumba cha saba, sema tupo wote. Nina mtu wa kumwona. Mtanikuta hotelini saa saba, kabla ya kwenda uwanja wa ndege."

"Mtu gani unayemjua huku? Siku kumi hujamjua hata anayetufulia mashuka."

"Wifi, tangu tujuane nimekuomba kitu gani?"

"Kila siku unaomba."

"Basi hiki ndicho cha mwisho."

"Kula kwanza."

"Nitakula njiani. Nitilie kwenye mkoba."

Bi Cherehani akautia mkate kwenye mkoba wa bluu uliokuwa karibu. Na Msimamizi wa safari, ambaye haiti majina ya watu bali vyumba, alipofika saba akiwa na ubao wake na filimbi shingoni, Bi Cherehani aliyeshika dini kuliko alivyoshika mkasi alijibu kwa sauti kavu, "Tupo wote."

Sasa ilikuwa saa nne kasoro robo.

"Bi Cherehani," ilitoka sauti ya nyuma, "mbona umekauka kama umeona kaburi?"

Alikuwa Mzee Karani, mstaafu wa ofisi, mtu wa kuuliza kila kitu mara mbili.

"Mzee wangu, marehemu mkeo si alikuwa na sukari?"

"Alikuwa nayo. Miaka tisa. Kwa nini?"

"Mtu akichoma sindano halafu asile, inakuwaje?"

Mzee Karani akavua miwani. "Baada ya saa mbili au tatu hivi, anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Anasema maneno hayana kichwa wala miguu. Halafu analala." Akaifuta miwani kwa shati. "Akilala, ni Mungu tu. Kwa nini unauliza?"

Bi Cherehani alisimama wima na basi linakwenda.

"Simamisha gari!"

"Mama, kaa chini!" Msimamizi aligeuka, binti wa umri wa mjukuu wake. "Utaanguka, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Mwanangu, nimekudanganya. Chumba cha saba hatupo wote."

Kila kichwa kikamgeukia. Mpaka yule mama wa chumba cha pili, ambaye hukoroma hata mchana, akafungua macho.

Msimamizi alikuja mbio akishikilia viti. "Hatupo wote maana yake nini? Nimeita, umejibu mwenyewe!"

"Nilijibu uongo. Wifi ameondoka tangu asubuhi. Amechoma sindano, hajala, na chakula chake hiki hapa. Peremende zake hizi hapa. Hata kadi yake ya ugonjwa iko kwangu."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui."

"Mama, siku kumi mnalala kitanda na kitanda, hujui?"

"Sijui, nimekwambia!"

Msimamizi akapiga simu hotelini. Wakasema mama yule alipanda teksi saa mbili kasoro, alimwonyesha dereva kikaratasi alichokuwa nacho mkononi, hawakuona kimeandikwa nini.

"Tazama humo mkobani," alisema Mzee Karani. "Mtu hubeba anwani."

Bi Cherehani akamimina kila kitu kwenye kiti. Sindano za jioni ndani ya kiboksi chake. Peremende. Vipakiti vya sukari alivyochukua mezani hotelini. Kanga iliyokunjwa. Na ndani ya kanga, bahasha.

Msimamizi aliinyakua, akasoma nyuma yake. "Hii anwani ni ya hapa hapa mjini. Ni makao ya kutunzia wazee, upande wa pili wa mto. Kwa teksi ni dakika ishirini. Mama? Unanisikia?"

Hakusikia. Alikuwa anatazama mwandiko.

Tarakimu 4 ilikuwemo mara tatu katika anwani ile, na kila moja ilikuwa imeandikwa kama kiti kilichopinduka, miguu juu. Bi Cherehani alikuwa ameziona 4 za namna hiyo kurasa na kurasa, kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Yeye alikuwa akipima bega na kiuno, mtu mwingine anaandika. Hajawahi kuona binadamu wa pili anayepindua 4 hivyo.

Na mtu huyo alikuwa mume wake. Marehemu mume wake, aliyeungua kiwandani nchi za ng'ambo miaka ishirini na miwili iliyopita.

Muhuri wa posta ulikuwa wa miezi mitatu nyuma.

"Mama, twende au tusiende?" Msimamizi alimtikisa bega.

"Nisimamishie teksi," alisema Bi Cherehani.

"Siwezi kuacha basi lenye wazee ishirini. Tangulia, nitapitia hotelini kuchukua masanduku kisha nakuja na basi. Ukimkuta, usimwache. Ndege yetu ni saa kumi, na pasipoti zenu ninazo mimi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Akarudisha vitu mkobani kimoja kimoja, sindano chini, peremende juu. Akashuka.

Kwenye teksi alifungua barua. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa darasa la tatu.

"Dada. Madaktari wamenyamaza na mimi najua maana yake. Mlete. Usimwambie mapema, hatapanda ndege. Mwambie ni matembezi ya wazee. Nataka anitukane kwa mdomo wake mwenyewe kabla sijaenda. Uongo huu ulinibebea kwa sababu nilikuomba. Sasa nisaidie kuutua."

Hapakuwa na jina chini. Palikuwa na namba ya chumba, nne, miguu juu.

Teksi ilisimama kwenye taa nyekundu. Bi Cherehani alikuwa ameshika mfuko wa peremende kwa mikono miwili.

Nyinyi mnaosoma mmekaa, mwekeni moyoni mwanamke huyu. Siku ile ya kuungua kiwanda, simu ilikuwa moja tu katika ukoo, na ilikuwa nyumbani kwa Wifi. Wifi ndiye aliyekuja peku, kilemba kimemwanguka, akapiga yowe getini: kiwanda kimeungua, ndugu yangu amekwisha! Maiti haikuja. Ilibidi wazike koti lake la sikukuu. Bi Cherehani mwenyewe alikaa kwenye cherehani akashona sanda ya koti, na Wifi akamshikia kitambaa kisiteleze. Alilia sana Wifi siku ile. Alilia kuliko mjane.

Na sasa mwanamke huyo huyo anakufa mahali fulani kwa kukosa kijiko cha sukari, na anayemkimbilia ni yule yule aliyezikishwa koti.

Angeweza kumwambia dereva azunguke. Angeweza kushuka hapo hapo akakaa kwenye ukuta wa watu mpaka saa tisa. Nani angemlaumu? Angesema nimepotea, mimi mzee, nchi siijui.

Taa ikawa kijani.

Makao yale yalikuwa nyumba ndefu ya ghorofa moja, ukuta mweupe, geti la chuma lenye kitasa kilichochakaa kwa kushikwa. Ndani ya geti palikuwa na benchi. Mfagiaji alikuwa anafagia majani kuzunguka miguu ya mtu aliyekaa hapo, taratibu, asimwamshe. Alipomwona mgeni alilaza shavu kwenye kiganja na kutabasamu. Amelala.

"Hajalala," alisema Bi Cherehani kwa lugha yake. "Toka hapo."

Wifi alikuwa ameegemea upande mmoja kama gunia. Gauni lilikuwa limelowa mgongoni na makwapani. Kilemba kilikuwa chini. Macho yalikuwa nusu wazi lakini hayakuwa yanaona benchi wala mfagiaji.

"Wifi! We Wifi!"

Midomo ilisogea. Bi Cherehani akainama.

"Ikilia tena msipokee," Wifi alinong'ona. "Zimeni simu."

"Simu gani? Mimi ni Cherehani. Fungua mdomo."

"Mwambieni aache kushona." Kichwa kiliyumba. "Maskini, mwambieni aache. Hamna mtu ndani ya koti."

Mkono wa Bi Cherehani ulikuwa tayari mkobani, juu ya vipakiti vya sukari. Nitasema kama ilivyokuwa: mkono ule ulisimama. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Mfagiaji aliacha kufagia akawatazama. Jasho lilidondoka kutoka kidevuni mwa Wifi likaingia kifuani. Pumzi ya tatu.

Kisha akapasua pakiti kwa meno.

"Lamba," alisema, akimpaka sukari ndani ya shavu kwa kidole chenye sugu la sindano. "Lamba, mchawi wewe. Lamba upone nikutukane ukiwa mzima."

Pakiti ya pili. Ya tatu. Wifi akakohoa, akameza. Ya nne. Bi Cherehani alimshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa anapasua, anapaka, anapasua, anapaka, na midomo yake ilikuwa inasali yenyewe bila kuulizwa.

Zilipita dakika kumi ndefu kuliko siku zote tisa.

"Nani amenivua kilemba?" Wifi aliuliza.

Bi Cherehani akakaa chini kwenye benchi kwa kishindo.

"Kimeanguka chenyewe. Kula yai hili."

Wifi alikula, vidole bado vinatetemeka, maganda yakianguka mapajani. Alikula la kwanza lote kabla hajaona bahasha imetoka mkobani, imekunjuliwa.

Akaacha kutafuna.

"Umesoma."

"Nimesoma."

"Yote?"

"Ni mistari saba tu. Darasa la nne nilifika, au hilo nalo umelisahau?"

Wifi akatazama mlango wa nyumba. "Sikuingia. Nimekaa hapa tangu saa mbili. Nilitaka kumwambia kwamba nimekuleta hadi mji wake, nimelala na wewe siku tisa, na nimeshindwa kufumbua mdomo. Nikasema nipumzike kidogo kwanza. Nikatafuta mkate, nikakuta kitabu cha sala."

"Kiwanda kiliungua?"

"Kiliungua kweli. Watu kumi na wanne walikufa. Yeye hakuwa zamu. Alikuwa ameshapata nyumba nyingine huku, mwanamke mwingine. Akanipigia. Akasema, dada, niweke na hao kumi na wanne, ni rahisi kwake kuliko kuachwa."

"Rahisi kwake."

"Ndivyo alivyosema."

"Na wewe ukavua viatu, ukaja kupiga yowe."

"Nilikuwa dada yake! Ningefanya nini?"

"Zilikuja posa mbili, Wifi. Yule mwalimu, na yule mwenye duka la vitambaa. Wote watu wazuri. Nikawarudisha, nikasema mimi nina mume wangu, nitamkuta mbele ya haki."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mimi ndiye niliyekupongeza."

Mfagiaji alisogea mbali na ufagio wake. Maneno hakuyajua lakini sauti alizijua.

"Nilikuwa nakuja kugombana na wewe kila wiki," Wifi alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Chumvi, pazia, uzi, chochote. Nilisema akinichukia kidogo itakuwa nafuu. Halafu nikiugua, unakuja na uji. Kila mara unakuja na uji! Ulikuwa unaniua."

"Maliza mkate," alisema Bi Cherehani.

Mlango wa nyumba ulifunguliwa. Muuguzi mnene mwenye viatu vyeupe alikuja mbio, ameitwa na mfagiaji, akamshika Wifi mkono akahesabu mapigo. Akatazama vipakiti vilivyopasuliwa, akamwinamia Bi Cherehani kwa heshima. Halafu, kwa ulimi uliokuwa unapata shida, akasema:

"Shikamoo."

Mawifi wote wawili walimtazama.

"Mzee," muuguzi alisema, akionyesha dirisha la nne. "Mzee fundisha mimi. Kila gari, yeye uliza: amekuja?" Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nani mke?"

Wifi alifumba macho. Akanyoosha kidole.

Bi Cherehani alisimama. Aliweka mkoba begani, akajifunga mtandio vizuri kana kwamba anaingia kanisani. Kisha akamfuata muuguzi.

Ukumbi ulinuka sabuni na supu. Milango ilikuwa na namba. Moja. Mbili. Tatu, ndani yake kizee kimoja kinazungumza na ukuta. Nne.

Kilikuwa chumba kidogo na kisafi. Ndara chini ya kitanda zilikuwa zimepangwa sambamba, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanga ndara sambamba tangu zamani. Mrija ulipita puani. Mwili ulikuwa umebaki kidogo sana chini ya shuka, na juu ya mto palikuwa na uso ambao Bi Cherehani angeujua hata kama ungekuwa umebaki nusu.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amemwita marehemu. Marehemu alipenda hiki, marehemu alisema vile. Sasa marehemu alikuwa anapumua, kwa taabu, na kila pumzi ilikuwa na sauti ya mlango unaosugua sakafu.

Lakini hakutazama uso muda mrefu. Alikuwa ameona kitu kwenye chuma cha kitanda.

Futi. Futi ya njano ya kupimia nguo, yenye doa la wino kwenye inchi ya thelathini, imefungwa fundo kwenye chuma, imechakaa kwa kushikwashikwa. Ile aliyomsingizia Wifi. Ile waliyonuniana miezi miwili.

Kwa hiyo mumewe aliondoka nayo. Aliiba kitu cha kumkumbukia, siku alipokuwa anaondoka asirudi.

"Umekuja," alisema mgonjwa.

Bi Cherehani akaigusa futi.

"Nilijua dada atakuleta. Kaa."

Hakukaa.

"Yule mwingine alikufa zamani," alisema, akivuta hewa katikati ya maneno. "Hatukupata mtoto. Nimekaa humu miaka sita. Sema neno. Nitukane. Nimengoja unitukane ndio niende."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatabasamu kwa huruma. Alidhani anatazama mapenzi.

Bi Cherehani alifungua fundo. Fundo lilikuwa la siku nyingi, lakini vidole vyake vimefungua mafundo tangu vikiwa vidogo. Akaizungusha futi kwenye vidole viwili kama anavyofunga kazi jioni, duara juu ya duara, mpaka ikawa kifurushi. Akaitia mfukoni.

Mkono mkavu ulitoka chini ya shuka ukamtafuta. Haukumfikia.

"Nimekuombea upumzike mahali pema," alisema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Miaka ishirini na miwili."

"Najua. Nisamehe."

"Sitaacha kukuombea hivyo hivyo."

Mgonjwa alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, macho yalimtoka. Lakini Bi Cherehani alikuwa ameshageuka, yuko ukumbini, anapita mlango wa tatu, wa pili, wa kwanza, na nyuma yake ile sauti ya mlango unaosugua sakafu ilikuwa inaharakisha, inaharakisha, mpaka muuguzi akaacha kutabasamu akakimbilia ndani.

Nje, basi la wazee lilikuwa limefika. Nyuso zilikuwa zimebandikwa madirishani. Msimamizi alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, amemkumbatia Wifi, analia na kucheka pamoja, na Mzee Karani amesimama pembeni na chupa ya maji asijue amtilie nani.

"Mungu ni mwema, mama yangu, umetutia roho mkononi! Muda unakwenda, masanduku yenu yako tayari chini ya basi, twende!" Msimamizi aliinuka, akajifuta pua kwa mkono wa shati, akashika ubao wake. Kazi ni kazi. Akamwona Bi Cherehani anashuka ngazi. "Haya, safari hii nataka kusikia kwa masikio yangu. Chumba cha saba, mpo wote?"

Kalamu ilingoja juu ya ubao.

Wifi alimtazama Bi Cherehani. Mapajani mwake palikuwa na mkoba wa bluu, na ndani ya mkoba huo kitabu cha sala. Mkoba wa pili, usio na alama, wenye sindano za jioni, ulikuwa bado unaning'inia begani mwa aliyekuwa anashuka ngazi.

"Wifi," alisema Wifi, sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu. "Wifi yangu. Nijibie."

Bi Cherehani alipita katikati yao. Akashika kitasa cha geti, akalifungua, akalifunga nyuma yake bila kulibamiza. Basi lilikuwa upande wa kulia, mlango wazi, dereva anangoja. Akatazama kulia. Kisha akashika njia ya kushoto, mkoba begani, akaenda zake.